Setilaiti ikistaafu inakwenda wapi? Jibu kwa fundi wa madishi wa Kirumba

Swali lililoletwa:

"Mhandisi, shikamoo. Mimi ni fundi wa madishi hapa Kirumba, Mwanza. Nina mteja Nansio, Ukerewe, ana nyumba ya wageni, na tulimfungia dishi la wavu la futi nane likiangalia setilaiti moja ya upande wa mashariki. Mwaka juzi chaneli zikaanza kukatika kila siku kwa saa kadhaa, halafu zinarudi zenyewe. Nimebadili LNB (kile kichwa cha kupokelea mawimbi mbele ya dishi), nimebadili waya, nimekaza nati zote. Nikilisogeza dishi jioni linakamata vizuri, asubuhi hakuna kitu. Cha ajabu, saa za kukatika hazikutulia: mwezi mmoja ni saa tano usiku, mwezi unaofuata saa tatu, halafu saa moja. Mwishowe zote zikapotea, tukaambiwa setilaiti imestaafu. Mteja anauliza imeenda wapi, na kama inaweza kutuangukia ziwani kama ile pete ya chuma ya Makueni kule Kenya. Na dishi je, aliuze chuma chakavu?"

Marahaba, fundi. Naanza na hizo saa za kukatika, maana nusu ya jibu lako imo humo. LNB zako zilikuwa nzima, na waya ulikuwa mzima. Ulichokuwa unakiona kwenye mita yako ya kupimia mawimbi ni setilaiti inayozeeka, na umeieleza vizuri sana bila kujua kwamba ndiyo unayoieleza.

Setilaiti za mawasiliano za aina hii hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kwa umbali huo inazunguka dunia kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, muda uleule ambao dunia yenyewe hutumia kujizungusha mara moja. Ndiyo maana dishi ulilolifunga leo halihitaji kuguswa kesho. Lakini kukaa pale si bure. Jua na mwezi huivuta setilaiti siku zote, na mvuto huo huipindisha njia yake isilale tena sambamba na ikweta. Ikiachwa hivyo, njia huinama kwa karibu digrii moja kila mwaka, pengine pungufu kidogo. Kwa hiyo waendeshaji wake walioko chini huwasha injini zake ndogo mara kwa mara ili kuirudisha ikwetani. Kazi hiyo ya kuizuia isiyumbe kaskazini na kusini ndiyo inayokula mafuta kuliko zote: kwa mwaka mmoja injini zinalazimika kuibadilishia kasi kwa jumla ya takriban mita 50 kwa sekunde. Kuizuia isisogee mashariki au magharibi hakugharimu hata sehemu ya kumi ya hizo.

Mafuta yakikaribia kwisha, mwenye setilaiti huwa na mitambo mizima, paneli za sola zinazofanya kazi na wateja wanaolipa, ila tangi linapungua. Wengi huamua kuacha ile kazi ya gharama. Setilaiti inabaki kwenye digrii zake za mashariki, yaani longitudo yake, inaendelea kurusha, lakini inaanza kuyumba. Kutoka ardhini inaonekana ikichora namba nane kila siku: inapanda kaskazini, inakatiza ikweta, inashuka kusini, inakatiza tena.

Sasa chukua dishi lako. Futi nane ni kama mita 2.4. Masafa ya C, ambayo ndiyo ya madishi makubwa ya wavu, yana mawimbi ya urefu wa sentimita saba na nusu hivi. Dishi la ukubwa huo kwa mawimbi hayo linaona upana wa digrii mbili na kidogo tu angani. Setilaiti ikitoka katikati kwa digrii moja na nusu, umeshapoteza zaidi ya nusu ya nguvu. Baada ya miaka miwili mitatu bila kurekebishwa, inapanda na kushuka zaidi ya digrii mbili. Kwa hiyo mara mbili kwa siku inapita mbele ya dishi lako, na mara mbili kwa siku inatoka nje. Ulipolisogeza jioni ukaona linakamata, ulikuwa umelielekeza kwenye ncha moja ya ile namba nane. Asubuhi setilaiti iko ncha ya pili.

Na kwa nini saa ziliendelea kusogea? Kwa sababu setilaiti inamaliza mzunguko wake kwa saa 23 na dakika 56, wakati saa ya ukutani inahesabu 24. Kila jambo lake la jana linarudi leo dakika nne mapema. Kwa mwezi, hizo ni saa mbili. Saa tano, saa tatu, saa moja! Hakuna nati iliyolegea wala waya uliooza unaoweza kutunza hesabu hiyo. Mvua za ziwani nazo hukata mawimbi, hasa yale ya masafa ya Ku ya madishi madogo, lakini mvua haina ratiba ya kuwahi kwa dakika nne kila siku. Siku nyingine ukikutana na tatizo linalosogea mapema kwa saa mbili kila mwezi, usimuuzie mteja LNB mpya. Mwambie setilaiti yake imeanza kuyumba, aanze kujiandaa kuhama.

Usidhani setilaiti ya namna hiyo haina tena kazi. Meli kubwa na vituo vya simu vina madishi yenye mota zinazoifuata namba nane saa zote, na wao hununua nafasi kwenye setilaiti hizi kwa bei nafuu. Stesheni za televisheni ndizo huondoka mapema, kwa sababu watazamaji wao wana madishi yaliyokazwa kwa nati. Hata setilaiti ya kwanza kabisa ya umbali huu, Syncom 2 ya Marekani iliyorushwa Julai 1963, ilikuwa ikichora namba nane kubwa, maana njia yake ilikuwa imeinama digrii 33 hivi. Mwezi mmoja baadaye ndiyo iliyobeba mazungumzo ya simu kati ya Rais Kennedy akiwa Washington na Waziri Mkuu wa Nigeria, Abubakar Tafawa Balewa. Afrika ilikuwepo tangu siku za mwanzo za kazi hii, na napenda vijana wanaoshika spana za madishi walijue hilo.

Haya, imeenda wapi? Imekwenda juu zaidi.

Watu wengi hudhani setilaiti iliyochoka huangushwa chini iungue. Zile za chini, zinazozunguka kwenye kilomita mia chache, hufanyiwa hivyo. Kwa hii ya kwetu, kuishusha kutoka kilomita 35,786 kungetaka mafuta mengi ambayo haina. Kinachowezekana ni kuisukuma juu kidogo, itoke kwenye mstari wa wenzake. Kanuni waliyokubaliana mashirika ya anga duniani inataka ipande angalau kilomita 235, na nyongeza inayotegemea uzito wake na ukubwa wa paneli zake, kwa kuwa mwanga wa jua nao husukuma. Kwa kawaida inakuja kama kilomita 300. Eneo hilo wahandisi wanaliita obiti ya makaburi.

Kupanda huko kunataka badiliko la kasi la mita 11 hivi kwa sekunde. Linganisha na zile 50 za mwaka mmoja: ni mafuta ya karibu miezi mitatu. Mvuvi wa dagaa anayetoka Kirumba usiku anajua ni petroli gani ya kwenda kutega taa na ni ipi haiguswi kwa sababu ni ya kurudia mwaloni. Mwenye setilaiti naye ana mafuta yasiyoguswa, ila ya kwake si ya kumrudisha nyumbani, ni ya kuondoka njiani awapishe wengine. Na kila mwezi anaoyalinda mafuta hayo ni mwezi wa mapato anaojinyima. Mimi kampuni ya setilaiti naipima kwa jambo hili kabla ya kuangalia ina chaneli ngapi.

Ugumu ni kwamba huko juu hakuna geji ya mafuta ya kuaminika. Mafuta hayana uzito wa kuyatuliza chini ya tangi, yanaelea na kujibandika ukutani. Wahandisi hukadiria kwa kuhesabu kila sekunde injini ilizowashwa tangu siku ya kwanza, na kwa kupima joto na mgandamizo wa tangi. Baada ya miaka 15 ya kujumlisha, kosa dogo linaweza kuwa miezi kadhaa. Ndivyo ilivyotokea kwa EchoStar-7, setilaiti ya televisheni ya Marekani iliyorushwa mwaka 2002. Wenyewe walikuwa wameahidi kuipandisha kilomita 300. Mwaka 2022 wakagundua mafuta yaliyobaki hayatoshi, ikaishia karibu kilomita 122. Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ikaipiga kampuni hiyo faini ya dola 150,000, faini ya kwanza ya aina hiyo kwa takataka za angani. Wapo waliosema ni pesa ndogo kwa kampuni kubwa. Ni kweli ni ndogo, lakini kabla ya siku hiyo hakuna aliyekuwa amelipa hata senti.

Mafuta pia yanaweza kuwemo yasifike kwenye injini. Kwa kawaida hakuna pampu. Ni gesi ya heliamu inayoyasukuma kutoka tangini. RASCOM-QAF1, setilaiti ya shirika la nchi za Afrika lenye makao yake Abidjan, ilirushwa Desemba 2007 ikitegemewa kufanya kazi miaka 15. Heliamu ikavuja mapema, umri ukakatwa hadi miaka kama miwili, na mbadala wake ukarushwa Agosti 2010. Iliniuma, kwa sababu ile ndiyo ilikuwa ya kupeleka simu vijijini kwetu.

Setilaiti ikishafika juu, kazi haijaisha. Mafuta yaliyosalia hutolewa nje, gesi ya kusukumia humwagwa, betri hukatwa zisichajiwe tena, na mwisho mitambo ya kurushia huzimwa. Chombo kinachobaki na mgandamizo tangini na umeme kwenye betri ni hatari kwa miaka mingi, maana kinaweza kupasuka chenyewe. Kupasuka si jambo la kufikirika. Tarehe 19 Oktoba 2024 setilaiti ya mawasiliano Intelsat 33e ilivunjika vipandevipande ikiwa kwenye digrii 60 mashariki, na wateja wa Ulaya, Afrika na Asia wakakosa huduma. Hiyo hata kustaafu haikuwa imestaafu, ilikuwa na miaka minane tu. Ukisimama Capri Point hapo Mwanza ukatazama mashariki na kuinua macho hadi digrii 58 hivi, hapo ndipo ilipovunjikia. Hutaona kitu, ila sehemu ya vipande imebaki huko, kwenye mstari uleule ambao setilaiti nyingine zinautumia kututumikia.

Sasa hofu ya mteja wako. Mwambie kwa uhakika: haiwezi kuanguka ziwani. Kinachoangusha vyombo vya angani ni msuguano wa hewa, na hewa hiyo nyembamba inaisha kabisa muda mrefu kabla ya kufika huko. Intelsat I, iliyorushwa Aprili 1965, iko huko mpaka leo. Hizi zitakaa kwa muda ambao binadamu hana namna ya kuuhesabu kwa vizazi. Ile pete iliyoanguka kijiji cha Mukuku, Makueni, tarehe 30 Desemba 2024, yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa karibu kilo 500, si setilaiti. Shirika la Anga la Kenya lilisema ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Vipande vya roketi huachwa kwenye njia inayogusa hewa ya chini, ndiyo maana hurudi. Hofu ya mteja si ya kipuuzi, ila aielekeze kwa roketi.

Setilaiti yake haikutulia mahali pamoja. Ikiwa kilomita 300 juu zaidi, mzunguko wake unakuwa mrefu kidogo kuliko wa dunia, kwa hiyo inabaki nyuma karibu digrii nne kila siku, ikielekea magharibi. Kwa miezi mitatu na siku chache inakuwa imeizunguka anga yote na kurudi ilipoanzia. Maana yake inapita juu ya Ukerewe kama mara nne kwa mwaka. Kama dishi la Nansio lingekuwa na mota na setilaiti ingekuwa bado inarusha, mngeiona ikichomoza upande wa bara na kuvuka taratibu hadi kuzama magharibi baada ya siku 40 hivi.

Zisizopandishwa zina mwenendo mwingine. Dunia si mviringo kamili, na kutokulingana huko kunafanya sehemu mbili za mstari ule kuwa mabonde ya mvuto: moja iko digrii 75 mashariki, nyingine digrii 105 magharibi. Setilaiti iliyokufa ghafla, au iliyotelekezwa na watu wa zamani kabla ya kanuni, huanza kuteleza kuelekea bonde la karibu, inapitiliza, inarudi, na safari moja ya kwenda na kurudi inaweza kuchukua zaidi ya miaka miwili. Bonde la digrii 75 liko juu ya Bahari ya Hindi, na kutoka Mwanza linaonekana upande wa mashariki kwenye mwinuko wa digrii 41. Kila chombo kinachobembea humo kinakatiza mbele ya setilaiti zinazofanya kazi. Waendeshaji wake inabidi wachome mafuta yao kukwepa mizigo ya watu wengine.

Hapa kuna jambo linalotuhusu watu wa ziwa. Ikweta inapita juu ya Ziwa Victoria lenyewe, upande wa Uganda na Kenya. Mwaka 1976 nchi kadhaa za ikweta, Kenya na Uganda zikiwemo, zilikutana Bogotá zikatangaza kwamba sehemu ya mstari huo iliyo juu ya ardhi yao ni mali yao. Dai hilo halikukubaliwa. Mkataba wa anga za juu wa 1967 hauruhusu nchi yoyote kuimiliki anga hiyo, na nafasi hugawanywa kupitia Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano. Kisheria naona hawakuwa na hoja ya kutosha. Lakini waliona mapema kwamba mstari ule una mwisho: digrii moja ni kilomita 736 tu, na wa kwanza kufika ndio wanaochukua penye faida. Nchi zetu zikija kurusha za kwao, zitapewa nafasi kwenye mstari ambao wengine wameutumia tangu miaka ya 1960, na usafi wake unategemea kama hao wengine waliondoka na akiba ya mafuta au hawakuondoka nayo.

Siku hizi kuna hata namna ya kuahirisha kustaafu. Februari 2020 chombo kiitwacho MEV-1 kiliifuata Intelsat 901, iliyokuwa angani tangu 2001, kikajichomeka kwenye tundu la injini yake na kuishika. Kwa miaka mitano kiliisukuma kwa mafuta yake chenyewe. Mwaka 2025 kikaipeleka makaburini, kikaiachia na kwenda kwa mteja mwingine. Naitakia kazi hiyo mema, ila bado ni ghali, na setilaiti ya mteja wako huenda ilikuwa imeshazeeka kiasi kwamba hakuna ambaye angeilipia.

Mwisho ni dishi. Asiliuze. Masafa ya C hayasumbuliwi sana na mvua, na kwa mahali kama Ukerewe, penye radi na mvua za usiku kutoka ziwani, dishi la namna hiyo likifungwa vizuri litamhudumia wakati madishi madogo ya majirani yamekata. Kinachotakiwa ni kuligeuza. Intelsat 20, kwenye digrii 68.5 mashariki, ina chaneli nyingi za masafa ya C kwa Afrika. Angalia kwanza kwenye orodha ya sasa kama zile anazozitaka mteja zipo, na kama ziko wazi au zinataka kadi. Kwa Mwanza mwinuko wake ni digrii 49 kasoro kidogo, na mwelekeo ni karibu mashariki kamili, ukisogea kaskazini digrii tatu na nusu hivi. Nansio tofauti ni ndogo sana.

Kabla ya kugusa dishi, pima nguzo kwa timazi pande mbili. Nguzo iliyolala digrii moja tu, kwa dishi la futi nane, itakusumbua siku nzima. Weka mwinuko kwanza kwa kipima pembe, funga nusu, ndipo uanze kulizungusha polepole kutoka kaskazini mashariki kuja mashariki huku unaangalia mita. Kama setilaiti ya zamani ilikuwa ya mawimbi yanayozunguka, fungua mdomo wa LNB uone kama kile kipande cha plastiki kimo bado. Kwa mawimbi ya wima na mlalo kitoe, kitakunyang'anya nguvu bure. Ukishapata mawimbi, zungusha LNB yenyewe kidogo kidogo mpaka ubora ufike juu, kisha kaza nati kwa zamu, moja upande huu na moja upande wa pili, mita ikiwa bado imewashwa.